Malaria 528, malaria 14: asilimia ya wodini inasema nini?

Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, watafiti walipiga kambi kwenye hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi, wakawafuatilia watu waliolazwa kwa sababu ya homa. Walipata wagonjwa 870, watoto na wakubwa. Kwenye mafaili, 528 kati yao walikuwa wameandikiwa malaria, yaani sita katika kila kumi. Damu zao zilipopimwa kwa makini, ambao homa yao ililetwa na malaria kweli walikuwa 14. Hata wawili kwa mia hawakufika.

Sasa mtu akikuuliza malaria ilikuwa imeenea kiasi gani kati ya wagonjwa wale, una majibu mawili, na yote yametoka wodi zilezile, mwaka uleule, vitanda vilevile. Jibu moja ni asilimia 60.7. La pili ni asilimia 1.6. Hakuna aliyedanganya. Ukihesabu kalamu za madaktari unapata la kwanza, ukihesabu vimelea unapata la pili.

Nimeanza na Moshi kwa sababu kila wiki tunaletewa vichwa vya habari vya aina hii: "nusu ya wagonjwa wana presha", "asilimia kadhaa ya wanaolazwa wana kisukari", "UTI yaongoza". Tunazisoma kana kwamba mtu amepita nyumba kwa nyumba akihesabu. Hakupita. Alikaa mlangoni mwa hospitali akahesabu waliofika, kwa kipimo kilichokuwepo siku hiyo, kwa jina lililopatikana kwenye karatasi.

Karatasi yenyewe tuiangalie kwanza. Binamu yangu ni muuguzi katika zahanati moja ambayo nikiitaja hataongea na mimi tena. Jioni moja nilimkuta foleni imekwisha, anajaza kitabu cha MTUHA. Ndiyo yale madaftari mapana ya mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania, yenye safu nyingi: jina, umri, jinsia, anakotoka, hudhurio jipya au la marudio, kipimo, ugonjwa, dawa. Mwisho wa mwezi mistari inahesabiwa, jumla inapelekwa wilayani, huko inaingia kwenye kompyuta na kuwa "takwimu". Nikaweka kidole kwenye mstari wa mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, aliyekuja analalamika kichwa, mgongo na kukosa usingizi.

"Huyu umemwandika nini?"

"UTI."

"Mkojo mlimpima?"

Akacheka. "Kaka, vijiti vya mkojo vimeisha tangu juzi. Sasa nimwandikeje, amechoka na maisha? Hiyo safu haipo."

Ile "safu haipo" imenikaa kichwani miaka yote. Fomu ya mwisho wa mwezi inakuja na orodha ya magonjwa tayari imechapwa. Ugonjwa uliomo kwenye orodha una kiti chake, na usiokuwemo hujibana kwenye "mengineyo" au huvaa jina la jirani. Kwa hiyo ugonjwa wenye jina maarufu na dawa iliyopo kabatini huonekana mwingi kuliko ulivyo, na ule usio na kipimo huonekana haupo kabisa.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2004, uliligusa jambo hili penye maumivu. Uliangalia hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania na wagonjwa zaidi ya 4,400 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao iliposomwa kwa makini chini ya darubini, waliokuwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 46.1. Zaidi ya nusu hawakuwa na vimelea vyovyote vinavyoonekana. Na hao ndio waliokufa zaidi: asilimia 12.1 ya wasio na vimelea walifariki, dhidi ya asilimia 6.9 ya walio navyo. Si ajabu. Mwenye malaria alikuwa anapata kwinini yake inayomfaa, na yule mwenye bakteria kwenye damu au nimonia alikuwa anapata kwinini ya mwenzake.

Tusiwe wepesi wa kuwarushia mawe madaktari wa enzi hizo. Mwongozo wenyewe ulikuwa unasema mtoto mwenye homa atibiwe malaria, kwa sababu malaria ilikuwa inaua upesi na darubini zilikuwa chache. Shirika la Afya Duniani lilikuja kubadili msimamo mwaka 2010: kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu na mstari, kikasambaa hadi zahanati za vijijini, na malaria ikaanza kupungua madaftarini. Sehemu ya upungufu huo ni ya kweli. Tafiti za kaya, ambazo hazimsubiri mgonjwa afike bali humfuata nyumbani, zilikuta vimelea kwa karibu asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2007-08, na kwa asilimia 7 hivi mwaka 2017. Sehemu nyingine ya upungufu ilikuwa ya kalamu tu: homa iliyokuwa ikiitwa malaria bila kupimwa haikuitwa hivyo tena. Anayechora mstari wa kushuka kutoka kwenye MTUHA peke yake anachanganya vitu hivyo viwili, na akiwa mwanasiasa atajipongeza kwa vyote.

Na msichukue ile 1.6 ya Moshi mkaipeleka Kigoma au Geita. Moshi iko chini ya Mlima Kilimanjaro, kwenye mwinuko na ubaridi wake, na mbu wa malaria hapo hana nguvu kama alizo nazo kando ya ziwa. Hata kwenye joto la Dar es Salaam na Ifakara, watafiti walipowapima watoto 1,005 wenye homa waliokuja kama wagonjwa wa nje, asilimia 10.5 walikuwa na malaria, na asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Mafua na kifua, basi. Ila hao walikuwa watoto wa kurudi nyumbani, hawakulazwa, na huwezi kuwaweka kapu moja na wale wa wodini.

Hapo tumefika mlangoni.

Mtu hafiki hospitali ya rufaa kwa bahati nasibu. Anaanza na panadol ya dukani, halafu duka la dawa muhimu, halafu zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, na mwisho Muhimbili. Kila ngazi ni chekeche. Wanaopona wanabaki chini. Wasio na nauli wanabaki chini vilevile, na baadhi yao wanafia huko bila kuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote. Anayefika juu ni yule ambaye ugonjwa wake umeshindikana kote alikopita, na ambaye ana ndugu wa kuuza mbuzi. Ukiulizia kiwango cha kushindwa kwa moyo pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete utapata asilimia ya kutisha, lakini ni kama kwenda Kariakoo ukashangaa kukuta wafanyabiashara wengi.

Presha ni mfano mzuri kwa sababu tunazo namba za pande zote mbili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliofanywa kwenye kaya, ulikuta karibu asilimia 26 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 hivi wana kisukari. Upande wa wodini, hospitali ya Bugando, Mwanza, iliwafuatilia wagonjwa 11,045 waliolazwa kwa mfululizo wa miaka mitatu: magonjwa yanayotokana na presha yalikuwa ya pili kwa kuua, nyuma ya VVU tu, na kwa waliovuka miaka 50 yalikuwa ya kwanza. Taarifa hizi hazipingani. Ya kwanza inahesabu watu wanaotembea na presha, wengi wao hawajui. Ya pili inahesabu pale presha inapokuwa imeshapasua mshipa kichwani, imechosha moyo au imeua figo. Katikati yao kuna miaka kumi au ishirini ambayo mtu hakuumwa chochote, kwa hiyo hakwenda popote na hakuhesabiwa.

Nami nimeona presha inavyozaliwa kwenye foleni. Mama yangu mdogo alipanda ngazi za ghorofa mbili, akakaa kwenye benchi kwa sekunde zisizotosha kuvuta pumzi, kijana akamfunga kile kitambaa cha mashine juu ya mkono wa sweta, huku akimuuliza maswali. Mia na sabini. Ikaandikwa. Alivyorudia nyumbani kwa utulivu siku tatu mfululizo, mia na ishirini na nane. Mwaka ule yeye alikuwa mmoja wa "wagonjwa wenye presha" wa hospitali ile, na sidhani kama kuna aliyerudi kumfuta.

Sasa kuna mtego mwingine, ambao hata waliosoma hunasa. Mwaka 1946, Joseph Berkson, daktari na mtakwimu wa Mayo Clinic nchini Marekani, aliandika kuhusu swali lililokuwa likiwasumbua madaktari wa wakati wake: je, ugonjwa wa kibofu cha nyongo una uhusiano na kisukari? Walikuwa wanaangalia mafaili ya hospitali. Berkson akaonyesha kwa hesabu tupu kwamba hata kama magonjwa mawili hayajuani kabisa mitaani, yakifika wodini yanaweza kuonekana marafiki au maadui.

Tuifanye hesabu yake kwa namba za kubuni, ukiwa na kalamu itakuwa bora. Chukua mji wenye watu wazima 10,000. Wenye presha ni 2,000, wenye kisukari ni 1,000, na tuseme magonjwa haya hayahusiani hata kidogo. Basi katika wale 1,000 wa kisukari, moja ya tano, yaani 200, watakuwa na presha pia, sawasawa na mji mzima. Tunabaki na 1,800 wa presha peke yake, 800 wa kisukari peke yake, na 7,200 wasio na lolote kati ya hayo.

Sasa mwaka unapita. Presha inampeleka mtu wodini kwa nafasi ya kumi kwa mia, kisukari ishirini kwa mia, na waliobaki wanalazwa kwa mambo mengine, ajali, kuhara, uzazi, kwa nafasi ya mbili kwa mia. Wa presha pekee wanalazwa 180. Wa kisukari pekee, 160. Wasio na lolote, 144. Wale 200 wenye yote mawili wana milango miwili ya kuingilia: 20 wanaingia kwa mlango wa presha, na katika 180 waliobaki nje, 36 wanaingia kwa mlango wa kisukari. Jumla 56. Wodi yetu ya mwaka ina watu 540.

Hesabu wenye presha: 180 na 56, jumla 236 kati ya 540, karibu asilimia 44. Mjini walikuwa asilimia 20. Wenye kisukari ni 216, asilimia 40, na mjini walikuwa asilimia 10. Hadi hapo mshangao ni mdogo, maana tumeshasema wodi inavuta wagonjwa. Lakini angalia hili. Kati ya wagonjwa 216 wa kisukari wodini, wenye presha ni 56, kama asilimia 26. Kati ya 324 wasio na kisukari, wenye presha ni 180, karibu asilimia 56. Mtafiti mwenye haraka atatoka mbio kutangaza kwamba kisukari kinamkinga mtu na presha! Kumbe sababu ni nyepesi. Aliyelazwa bila kisukari ni lazima awe na kitu kingine kilichomleta, na kwenye mji wetu huo kitu kingine mara nyingi ni presha. Mlango wa hospitali ndio uliotengeneza uhusiano. Ukiwatoa watu nje ya geti, uhusiano unayeyuka.

Kwa watu halisi kisukari na presha hupenda kwenda pamoja, kwa hiyo msije mkaninukuu vibaya. Nimeyachagua kwa sababu yanafahamika.

Mlango mwingine uliowahi kupotosha nchi nzima ni wa kliniki ya wajawazito. Kwa miaka mingi Afrika Mashariki ilikadiria maambukizi ya VVU kutokana na damu za akina mama wanaokuja kliniki. Ilikuwa busara, maana damu inatolewa hata hivyo. Kwa Kenya, makadirio ya kimataifa ya mwisho wa mwaka 2001 yalifika asilimia 15 ya watu wazima. Mwaka 2003 Kenya ikapima watu majumbani, wanaume kwa wanawake, mjini na shamba, ikapata asilimia 6.7. Virusi havikuondoka kwa wingi huo ndani ya miaka miwili. Ni kwamba kliniki zilizochaguliwa zilielemea mijini na kandokando ya barabara kuu, na mjamzito kwa ufafanuzi wake si mtu anayejizuia kukutana kimwili, wala si mwanamume. Asilimia 15 ilikuwa na ukweli wake, lakini kwa watu wachache kuliko waliohusishwa nayo.

Kuna pia swali la lini unahesabu, nalo ni dogo ila linauma. Ingia wodi ya mifupa siku yoyote, utakuta kijana wa bodaboda ananing'inizwa mguu kwa mawe ya uzito. Akikaa siku thelathini, na kwenye wodi ya jirani watoto kumi wa malaria wakapita mwezi huohuo, kila mmoja siku tatu, basi siku yoyote utakayoingia kwa kushtukiza utakuta, kwa wastani, kijana mmoja na mtoto mmoja. Utasema mvunjiko na malaria viko sawa. Rejesta ya kulazwa itasema kumi kwa mmoja. Anayepanga vitanda anataka hesabu yako, anayeagiza dawa anataka ya rejesta. Kwa wagonjwa wa nje mambo hugeuka: mwenye kisukari anayekuja kliniki kila mwezi ni mtu mmoja na mahudhurio kumi na mawili, na ole wake anayeyajumlisha bila kuangalia safu ya marudio.

Je, basi asilimia za hospitali hazina kazi? Zina kazi kubwa, na daktari mzuri anaishi nazo. Chukua kipimo cha Widal cha taifodi, kile ambacho mtu wa maabara anadondosha maji ya damu kwenye kigae cheupe, anaweka tone la dawa, anakitikisa kigae polepole akitafuta chembechembe zinazogandana, kisha anakuandikia 1:80 au 1:160. Kipimo hiki hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya wadudu, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa, nyingine huamshwa na wadudu wengine kabisa. Tuseme, kwa mfano tu, kinamsingizia mmoja katika kila kumi wasio na taifodi, na kinamnasa kila aliye nayo. Mahali ambapo wawili katika mia wana taifodi kweli, utapata majibu chanya kumi na mawili hivi: wawili wa kweli, kumi wa kusingiziwa. Kipimo hichohicho kikienda kwenye mlipuko, ambako thelathini katika mia wanaumwa, utapata thelathini wa kweli na saba wa kusingiziwa. Kigae ni kilekile na dawa ni ileile. Kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa kati ya waliopanga foleni, na asiyeujua wingi huo hawezi kujua jibu lake lina uzito gani. Ndiyo maana mtaani kwetu kila mtu amewahi "kuwa na taifodi", wengine mara nne kwa mwaka.

Wingi huo, kwa bahati mbaya, haujulikani mpaka mtu autafute. Turudi kwa wale wagonjwa wa Moshi ambao homa yao haikuwa malaria. Watafiti waliwatafutia mambo ambayo maabara ya kawaida haikuwa nayo. Kati ya wote 870, asilimia 9.8 walikuwa na bakteria kwenye damu. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo waliyakutwa nayo: homa za riketsia zinazoletwa na kupe, homa ya Q, brusela ya maziwa mabichi. Wengine 55 walikuwa na chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Na kundi lililoongoza kwa magonjwa ya wanyama, wagonjwa 40, lilikuwa na leptospirosisi, ile inayotoka kwenye mkojo wa panya na mifugo ikaingia kwa maji na michubuko ya miguu.

Miaka kumi na minne baadaye, Julai 2022, Wizara ya Afya ilitangaza ugonjwa wa ajabu Ruangwa, mkoani Lindi: homa, kichwa, uchovu, kutokwa damu puani. Wagonjwa 20, vifo vitatu. Nchi ikajifunza jina jipya, homa ya mgunda, na magazeti yakauita ugonjwa usiojulikana hadi maabara ilipoutaja. Ni leptospirosisi ileile. Kule Moshi, kwenye mafaili ya wale wagonjwa 870, hakuna hata mmoja ambaye siku ya kulazwa aliandikiwa kwamba huenda anao.